Daftari Lifungwe Kabla ya Duka

Mabibi na mabwana, wenye maduka, makarani wa hesabu, wahazini wa SACCO, vyama vyetu vya akiba na mikopo, na ninyi mliovuka mpaka kutoka Busia ya Kenya kuja huku Busia ya Uganda: asanteni kwa kufunga maduka mapema mkaja. Mmetuomba tuzungumze mambo matatu: kutunza pesa, kulipa kodi, na kuzuia wizi wa hesabu. Nitayazungumza kama jambo moja, kwa sababu kitabu kinachokupunguzia kodi ndicho hicho hicho kinachomfichua mwizi. Asiye nacho anapigwa kotekote, na mara nyingi hajui kapigwa wapi.

Mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huu nimeuona umebandikwa ukutani madukani, na chini yake daftari ambalo mstari wa mwisho uliandikwa wiki mbili zilizopita.

Tuchukue jioni moja. Duka la vifaa vya ujenzi: misumari, rangi, mabati, saruji. Asubuhi umeacha chenji ya shilingi 200,000 kwenye droo. Kutwa nzima umeuza taslimu 1,340,000, na kwa simu 485,000. Mteja mmoja amechukua mabati ya 150,000 kwa deni. Mwingine amekuja kulipa deni la mwezi jana, 60,000 taslimu. Boda boda 12,000, chakula cha vijana 8,000, umeme wa kulipia kabla, ule wa Yaka, 30,000. Saa kumi jioni umepeleka benki 1,000,000. Sasa kabla hujafungua droo, niambie inapaswa kuwa na ngapi.

Anza na 200,000, ongeza 1,340,000, ongeza 60,000. Toa matumizi, 50,000, kisha toa milioni ya benki. Zinabaki 550,000. Za simu hazimo humo. Zinakaguliwa peke yake kwenye salio la simu. Mabati ya deni hayamo droo, lakini ni mauzo ya leo. Zile 60,000 zimo droo, lakini si mauzo ya leo, maana ziliandikwa mauzo siku mzigo ulipotoka. Kwa hiyo mauzo ya leo ni 1,975,000. Mtu anayechanganya pesa iliyoingia na mauzo yaliyofanyika ataandika deni mara mbili, au asiliandike kabisa, na atalipia kodi pesa ambayo hakuipata.

Sasa fungua droo, hesabu noti. Umepata 532,000. Zimepungua 18,000. Wengi hapa hutoa 18,000 mfukoni, wakarudishia, wakaandika 550,000, wakalala. Hapo umeua ushahidi. Andika upungufu kama ulivyo, tarehe, na nani alikuwa droo. Upungufu wa siku moja hauna maana. Upungufu wa kila Ijumaa, au wa kila siku mtu fulani akiwapo, au wa namba nzima nzima kama 20,000 na 50,000, huo unasema kitu. Makosa ya chenji huja ovyo ovyo: 700, 2,300, 5,000. Mwizi huchukua noti nzima.

Na ziada? Watu hufurahi droo ikizidi. Mimi ziada huniogopesha kuliko upungufu. Mara nyingi pesa imezidi kwa sababu kuna kitu kimeuzwa bila kuandikwa, na huenda aliyeuza bila kuandika leo alikuwa anangoja nafasi ya kutoa pesa hiyo baadaye. Leo mmewahi droo kabla yake, basi.

Jambo jingine la jioni ni wewe mwenyewe mwenye duka. Ukichukua sukari kwa ajili ya nyumbani, andika. Ukitoa ada ya mtoto, andika, tena katika safu yake: matumizi ya mwenye mali. Si gharama ya biashara na haipunguzi kodi, lakini bila safu hiyo huwezi kujua kama duka linakula hasara au ni wewe unayekula mtaji. Jipangie kiasi cha kila mwezi, ukichukue mara moja kama mshahara. Anayechukua kidogo kidogo kila siku hajui amechukua ngapi, na huishia kumshuku mfanyakazi kwa pesa aliyokula mwenyewe.

Nije kwenye kodi. Viwango nitakavyotaja ni vya mwaka wa fedha 2024/25. Bajeti husomwa Juni, sheria mpya huanza Julai 1, kwa hiyo kila Julai ulizeni kabla hamjapiga hesabu.

Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ghafi ya mwaka yanazidi milioni 10 na hayajazidi milioni 150 hutozwa kodi ya makadirio. Tangu Julai 2020 kodi hiyo ina safu mbili, moja ya mwenye vitabu na moja ya asiye navyo. Chukua mtu wa mauzo ya milioni 40. Asiye na vitabu analipa 200,000. Mwenye vitabu analipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30, yaani 50,000, jumla 130,000. Panda kidogo, mauzo ya milioni 55: asiye na vitabu 400,000, mwenye vitabu 180,000 na asilimia 0.6 ya milioni 5, yaani 30,000, jumla 210,000. Milioni 100: asiye na vitabu 900,000, mwenye vitabu 360,000 na asilimia 0.7 ya milioni 20, jumla 500,000. Daftari la kaunta la shilingi elfu chache limemwokolea huyu wa mwisho 400,000 kwa mwaka. Sijui biashara nyingine hapa Busia yenye faida ya namna hiyo. Angalizo: mawakili, madaktari, wahasibu, wahandisi na wakandarasi wa ujenzi hawamo katika mpango huu, wao huhesabiwa kwa faida yao.

Sasa rudini kwenye duka letu la mabati. Mauzo 1,975,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni zaidi ya milioni 592. Huyu si mfanyabiashara mdogo tena. Mstari wa kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni milioni 150 kwa mwaka, au milioni 37.5 ndani ya miezi mitatu inayofuatana, na yeye ameupita karibu mara nne. Hata anayeuza 500,000 kwa siku, kwa siku 300 amefika milioni 150. Watu wengi huvuka mstari huu bila kujua, kisha Mamlaka ya Mapato, URA, inakuja baada ya miaka miwili kudai VAT ambayo hawakuwahi kumtoza mteja. Inatoka kwenye mtaji. (Muuza mahindi na maharage yasiyosindikwa atulie, bidhaa hizo zimesamehewa VAT, na hazihesabiwi katika mstari huo.) Na msijaribu ule ujanja wa kugawa duka moja kuwa TIN tatu, yaani namba tatu za mlipa kodi, ya baba, ya mama na ya kijana. Kaunta ni moja, stoo ni moja, namba ya simu ya malipo ni moja. Hauchukui muda kugundulika.

Hesabu ya VAT yenyewe huwakosesha hata makarani wazoefu. Kiwango ni asilimia 18. Kitu cha 100,000 kinakuwa 118,000. Lakini ukiwa na bei ambayo tayari ina VAT ndani, usiipige kwa asilimia 18. 118,000 mara 18 kwa mia ni 21,240, na hapo umejitoza 3,240 za bure. Unagawanya kwa 118, unazidisha kwa 18: unapata 18,000. Kisha unatoa VAT uliyolipa wakati wa kununua, na kinachobaki unakipeleka pamoja na ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwezi huo, kabla au ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kama hukuuza kitu mwezi huo, bado ritani inapelekwa, ikiwa na sifuri. Kutopeleka kuna adhabu yake hata kama hudaiwi senti.

VAT uliyolipa huwezi kuidai kwa risiti yoyote tu. Tangu Januari 2021 waliosajiliwa VAT wanatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Ankara halali ina namba ya hati ya kifedha, msimbo wa kuthibitisha na ule mraba wa kupiga picha kwa simu. Na lazima iwe na TIN yako. Mnunuzi wa jumla anayeondoka soko la jumla la Kikuubo na ankara isiyo na TIN yake ameiacha pesa yake Kampala. Gharama pia hazikubaliki kwenye kodi ya mapato ikiwa muuzaji alipaswa kutumia EFRIS na wewe ukakubali karatasi ya kawaida.

Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kuupinga mfumo huu. Malalamiko yao mengine yalikuwa ya haki: mafunzo yalikuwa haba, na muuzaji wa reja reja aliona adhabu kabla ya kuelewa mashine. Lakini hoja kwamba EFRIS ni kodi mpya haikuwa kweli. VAT ipo Uganda tangu Julai 1996. Kilichobadilika ni kwamba sasa inaonekana.

Makosa ya EFRIS ninayoyaona mara nyingi ni mawili. La kwanza ni vipimo: mzigo umeingizwa kwenye mfumo kama katoni 50, unauzwa kwa kipande. Baada ya wiki mfumo unasema stoo imekwisha na wewe una vipande 900 rafuni, au kinyume chake. Amua kipimo siku ya kuingiza mzigo, usibadilishe. La pili ni mteja akirudisha mali. Karani anachana ankara, anarudisha pesa, anaona yameisha. Kwenye mfumo ankara ile bado ipo hai na VAT yake inakungoja tarehe 15. Lazima uombe hati ya marejesho ndani ya mfumo huo huo, ukirejelea namba ya ankara ya kwanza.

Hapa ndipo wizi unapokutana na kodi: ankara hewa. Mtu anakuja na ankara nzuri, ina namba zote, ya saruji ya milioni 50 ambayo haijawahi kupakiwa kwenye lori lolote. Anakuuzia kwa sehemu ndogo ya VAT iliyoandikwa. Wewe unadai milioni 9 ambazo hukulipa. Kwa miezi michache mambo ni matamu. Kisha aliyeitoa anaacha kupeleka ritani, anatoweka, na mfumo unaoanisha madai yako na mauzo yake unabaki na upande mmoja tu, wako. Utaulizwa hati ya kupokea mzigo, malipo ya benki, jina la dereva, mahali saruji ilipouzwa. Huna. Unarudisha VAT, gharama inakataliwa kwenye kodi ya mapato, adhabu na riba juu yake, na kesi ya jinai inawezekana. Karani, ukiona muuzaji aliyeuza saruji Jumatatu na kompyuta Jumanne, anayetaka kulipwa taslimu, asiye na stoo, usiingize ankara yake kitabuni. Sahihi ni yako.

Ninyi mnaovusha mizigo midogo mpakani mnakijua cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha. Kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. VAT na kodi nyingine za ndani zinabaki pale pale. Na mzigo mmoja wa dola 6,000 ukigawanywa kwa watu watatu ni mzigo mmoja bado.

Mishahara nitaipitia haraka. Mfanyakazi wa 600,000 kwa mwezi: PAYE, kodi ya mshahara, ni 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 410,000, yaani 57,000, jumla 82,000. NSSF, mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5, yaani 30,000. Anabaki na 488,000. Wewe unaongeza asilimia 10 ya NSSF kutoka mfukoni mwako, 60,000, usimkate yeye. Yote mawili mwisho tarehe 15. PAYE huhesabiwa juu ya mshahara mzima, kabla ya kutoa NSSF. Makarani waliosomea hesabu za nchi jirani hukosea hapo.

Na anayeuza kwa serikali au kampuni kubwa iliyoteuliwa, malipo yakizidi milioni 1 anakatwa asilimia 6, kodi ya zuio. Pesa hiyo ni akiba yako kwa URA. Dai cheti chake, kisha kiondoe kwenye kodi ya mwaka. Wapo wanaokatwa miaka mitatu mfululizo na hawajawahi kuidai.

Sasa wizi wa ndani. Wizi wa karani hauanzi kwa uhodari, huanzia pale mtu mmoja anapopokea pesa, anapoiandika, na anapoipeleka benki. Tenganisha hata kama mpo wawili: anayepokea asiandike leja ya wadeni.

Angalieni jinsi wizi wa kufunika deni kwa deni unavyokwenda. Jumatatu mteja A analipa 300,000. Karani anaitia mfukoni, haandiki. Alhamisi mteja B analipa 350,000. Karani anaandika 300,000 kwa jina la A, na 50,000 kwa jina la B. Sasa A yuko sawa, B ana pengo la 300,000. Wiki ijayo C analipa, pengo la B linazibwa. Hakuna mteja anayelalamika, kwa sababu deni la kila mmoja hulipwa kwa pesa ya anayefuata. Ndiyo maana karani wa aina hii hachukui likizo, huja hata akiwa na homa, nanyi mnamsifu kuwa mchapakazi. Mpeni likizo ya lazima ya wiki mbili, mtu mwingine akae kitini. Linganisheni tarehe ya stakabadhi aliyonayo mteja na tarehe ya leja. Na mwenye mali, si karani, awapigie wadeni kumi kila mwezi awasomee salio lao.

Kwenye mishahara tafuteni watumishi hewa: panga orodha kwa namba za simu za malipo, si kwa majina. Namba moja ikijirudia kwa majina mawili, uliza. Kwa wauzaji, barua au simu inayosema "tumebadilisha akaunti ya benki" isilipiwe mpaka umpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Mawakala wa mobile money, ujumbe kwenye simu si pesa. Angalieni salio lenu kwanza, ndipo mtoe mzigo. Akipiga mtu kusema ametuma kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako; mwambie apigie kampuni yake irudishe. Ukimtumia, naye akaomba marejesho rasmi, umelipa mara mbili.

Kwa wahazini wa SACCO neno moja: leja na kitabu cha mwanachama vilinganishwe mbele ya mwanachama, na hakikisheni mna leseni. Mfuko wa kulinda amana hulipa hadi milioni 10 kwa kila mweka amana katika benki na taasisi zinazosimamiwa na Benki Kuu. SACCO zenu hazimo. Basi msiwaambie wanachama kwamba pesa yao imelindwa na serikali.

Msiazimishe akaunti zenu pia, hata kwa shemeji. Miamala ya taslimu inayozidi milioni 20 huripotiwa kwa Mamlaka ya Intelijensia ya Fedha. Nchi hii ilikaa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kuzuia utakatishaji fedha, tangu Februari 2020 hadi Februari 2024, na benki hazitaki kurudi huko.

Yakishaharibika, hesabuni siku. Ukiletewa tathmini ya kodi usiyoikubali, una siku 45 za kuweka pingamizi. URA ina siku 90 za kujibu. Ukishindwa, siku 30 za kwenda Baraza la Rufaa za Kodi, na huko utatakiwa kulipa kwanza asilimia 30 ya kodi inayobishaniwa. Kodi isiyolipwa huzaa riba ya asilimia 2 kila mwezi. Anayejitangaza mwenyewe kabla hajaanza kuchunguzwa anafunguliwa mlango wa kusamehewa adhabu. Anayengoja kugongewa hana mlango huo.

Kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na sheria inazitaka kwa Kiingereza. Ukiandika kwa Kiswahili chetu hiki, Kamishna anaweza kukutaka uzitafsiri kwa gharama yako. Basi vichwa vya safu andikeni kwa Kiingereza, maelezo yenu ya pembeni mseme mnavyotaka. Risiti za ile karatasi laini ya mashine hufifia. Zikikaa kwenye dashibodi ya gari, mwezi mmoja tu ni karatasi tupu. Zipige picha siku hiyo hiyo.

La mwisho ni hawa wanaowasaidia kujaza ritani. Wakala wa kodi lazima awe amesajiliwa. Wengi wenu TIN zenu zilifunguliwa kwenye kibanda cha intaneti kwa barua pepe na namba ya simu ya kijana wa kibanda. Maana yake notisi za URA humfikia yeye, na siku 45 zinakwenda ninyi mmelala. Kodi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, benki au kwa simu. Hailipwi kwa namba ya mtu, hata akivaa kitambulisho kikubwa kiasi gani.

Walio na simu zenye intaneti njooni meza hii ya kushoto, tubadilishe barua pepe na neno la siri kabla hamjaondoka. Walio na daftari bakini mlipo, fungueni ukurasa wa jana jioni, mniambie droo ilipaswa kuwa na ngapi.